Kofia Ambayo Safari Hakuiangusha

Ninyi wanafunzi wangu mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau, na mmoja wenu akapanda ngazi zote hadi ghorofa ya nane kuniletea daftari, maana lifti ya jengo letu hapa Albert Park, Durban, imekufa tena. Bon, daftari nimelipokea. Sitaandika nililipwa nini wala nilipanda cheo lini. Kwenye kazi yetu kupanda cheo ni kufa dakika ya arobaini ya filamu badala ya dakika ya tano. Nitaandika yale ambayo mimi mwenyewe ningependa mtu aniambie mapema.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwoga. Najua mtacheka. Miaka ishirini na tatu nimecheza kauboi: mwizi wa ng'ombe, mlinzi wa benki, mhubiri mwenye bunduki, na sherifu mara nyingi kiasi kwamba jina langu limepotea, mtaa mzima unaniita Sherifu. Lakini mlango wetu ukigongwa, anayekwenda kufungua ni Mama Neema, mke wangu. Mimi nabaki nyuma ya pazia nauliza, "Ni nani? Ni nani huyo?" Gesi naifunga mara tatu kabla ya kulala. Nikivuka barabara kwenye robot, hata taa ikiwa ya kijani, nangoja kwanza wengine wapite nione kama watagongwa.

Na sasa hivi naogopa kuliko siku zote. Ndani ya daftari hili iko siku ambayo shemeji yangu Safari, kaka yake Mama Neema, nusura afe mbele ya kamera. Nyote mnaijua siku hiyo, na mnajua kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Ila kuna nilichofanya kabla ya kumwokoa ambacho sijamwambia mtu. Sijamwambia yeye, wala dada yake, wala mchungaji. Nimemwahidi Safari kwamba atasoma kabla yenu, Jumapili tukitoka kanisani. Kwa hiyo mwandiko ukiyumba msiseme ni uzee.

Nilifika Durban kutoka Uvira nikiwa na karibu miaka arobaini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulinda magari Umbilo Road, mbele ya duka la matairi. Unavaa kizibao cha kung'aa, unapunga mkono, unasema, "Sharp, mama, hakuna shida, niko naangalia," na unaangalia kweli, maana likiibwa kioo tu utaulizwa wewe. Siku moja mama mmoja Mzungu mwenye karatasi nyingi mkononi alikaa kwenye gari lake ng'ambo ya barabara muda mrefu, ananitazama. Nikajua ni mtu wa uhamiaji, wa vibali. Alipokuja akaniuliza swali ambalo sikulitarajia hata kidogo: kwa nini saa mbili nzima nimesimama wima, siegemei ukuta wala nguzo?

Nikamwambia ukweli. "Naogopa mwenye duka atanifukuza."

Akacheka mpaka karatasi zikamponyoka. Alikuwa anatafuta watu warefu, wembamba, wenye uso mgumu, wa kusimama nyuma kwenye filamu ya makauboi. Akasema uso wangu unafaa sana. Sikumwambia kwamba uso ule ulikuwa wa njaa na mashaka. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa.

Seti, yaani mahali pa kupigia filamu, ilikuwa shambani, mwendo wa saa mbili kwa gari kuelekea milimani. Walikuwa wamejenga mji wa mbao: baa, benki, kanisa, ofisi ya sherifu, yote uso mtupu. Ukizunguka nyuma ya benki unakuta majani na ng'ombe wa mtu. Wakanipa buti ndogo kwa saizi moja, nikanyamaza. Nikapangwa mlangoni kwa baa, nishike kofia kifuani na kutazama barabara. Nilitazama barabara ile tangu asubuhi mpaka mchana. Hapo ndipo mtu akafyatua bastola.

Hakuna aliyekuwa amenieleza. Mimi nilitoka Kivu, ninyi wenyewe mnajua tulikotoka na tulitoka kwa sababu gani. Bastola ilipolia sikufikiri, nilijikuta nimelala kifudifudi kwenye matope, mikono kichwani. Watu wote wa seti wakacheka. Nilisikia vicheko lakini mwili ulikataa kuinuka. Mtu mmoja hakucheka. Alikuja mzee mnene kidogo, mwenye suti ya mzika maiti, akalala kwenye matope karibu yangu, na suti yake yote.

"Hawu, mfowethu," akasema polepole, yaani ndugu yangu. "Hii ni baruti tu, ndani hamna risasi. Lala kwanza. Ukiwa tayari tutaamka pamoja."

Huyo alikuwa Baba Dlomo, Mzulu wa Umlazi, mkubwa wa watu wa kuanguka. Kila kauboi mliyemwona akidondoka kutoka kwenye paa miaka ile, kama si yeye basi ni mwanafunzi wake. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza cha kuungaunga, kila mmoja akichomeka maneno ya kwao, na tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na watu wengi wa lugha yangu. Alinifundisha kuanguka kwa nyama, si kwa mfupa: paja, tako, bega, mkono uko wazi. Alinifundisha kutazama ndani ya mtutu wa kila bastola kabla haijaelekezwa kwangu, hata kama imetazamwa na watu watano, hata kama dairekta anapiga kelele. Tumbaku ya kutafuna ni zabibu kavu. Pombe kali ni chai isiyo na maziwa, na ikishakaa juani tangu asubuhi utaomba bora ingekuwa pombe.

Kwa mara ya kwanza maishani nilipata kazi ambayo uoga ulinisaidia. Kazini kwa Baba Dlomo, mtu aliyekagua mkanda wake mara tatu hakuitwa mama mzee. Aliitwa mwalimu. Alikuwa ananionyesha kwa wengine: "Mwangalieni huyu. Huyu atazeeka."

Lakini kubwa aliyonifundisha ni ile ya ishara. Alinikalisha chini siku moja, tukila mkate wetu wa mchana, akaniuliza: "Mtu anaigiza kwamba anakufa kwa kunyongwa. Anakohoa, anarusha miguu, macho yanamtoka. Sasa akianza kufa kweli, utajuaje?"

Kwa kweli swali lile lilinikosesha hamu ya mkate.

"Mpe kitu ashike," akasema. "Maadamu anashika, anaigiza. Akiachia, kimbia. Usiulize, usingoje, kimbia, mwinue miguu kwanza, kamba baadaye."

Sasa niwaeleze habari ya kofia, kwa sababu ndiyo iliyoleta balaa. Kazi yangu ya pili nilikuwa mmoja wa wanaume sita wanaosukumwa nje ya baa. Nilisukumwa, nikaanguka vizuri kabisa, kwa nyama, lakini kofia ikanitoka mkononi ikabingirika mpaka chini ya farasi. Farasi akashtuka, akakanyaga, picha yote ikaharibika, ikabidi kurudia na jua linakwenda. Saa kumi jioni nilikuwa kwenye gari narudishwa mjini. Sikuitwa tena kwa miezi minne. Eish, miezi minne ile nilirudi Umbilo Road kusimama bila kuegemea, na kila usiku nilimwambia Mama Neema, "Kofia. Ni kofia tu."

Tukaanza mazoezi humu ndani. Mimi nashika kofia, yeye ananipiga na mto: kichwani, mgongoni, nyuma ya magoti. Alipiga kwa moyo wote, nadhani iko mambo mengine alikuwa analipiza. Baada ya majuma mawili ungeweza kunitupa dirishani, ningefika chini na kofia mkononi.

Wengine mtaani walipoanza kuniomba niwaingize kwenye kazi, Wakongo, Warundi, hata Mtanzania mmoja, nikafungua darasa langu pale bustanini kila Jumamosi. Nyote mmepita hapo. Nyote mmesikia nikipiga kelele: "Kauboi haangushi kofia! Vunjika mkono, kofia ibaki!" Niliwasukuma, niliwamwagia maji, niliwapigia filimbi masikioni. Aliyeangusha alizunguka bustani mbio huku wauza nyanya wakimzomea. Niliona nawasaidia. Mtu wetu akikosea mara moja haitwi tena, na hakuna wa kumwambia kwa nini. Kwa hiyo niliwafundisha kofia, na pamoja na kofia lile jambo jingine ambalo sikulisema kwa mdomo lakini mlilielewa: usilalamike, usiombe kupumzika, usiwe wewe wa kuharibu picha.

Safari alikuwa bora kuliko wote. Alifika Durban baadaye, akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, mgongo wake mpana kama mlango. Lakini watu walimjua kwa sauti. Kwaya yetu ya kanisa ilikuwa na watu ishirini, na watu walikuja kumsikiliza mmoja. Akianza ubeti peke yake, akina mama waliacha kupepea watoto.

Mama Neema hakutaka aje kwenye filamu. Ndugu zao wengine wote walibaki katika ile ardhi ya kule nyumbani, sitasema zaidi. Siku nilipomchukua Safari mara ya kwanza, dada yake alisimama mlangoni akanishika shati.

"Baba Neema, huyu njo kaka yangu mumoja aliyebaki," akaniambia. "Unamuchukua muzima. Utamurudisha muzima."

"Nitamrudisha."

"Sema tena."

Nikasema tena.

Kwa miaka sita nilimrudisha. Kisha, miaka tisa iliyopita, ikaja filamu ya mtu wa kunyongwa. Mimi sherifu, Safari ndiye wa kunyongwa, na mimi ndiye niliyempendekeza. Baba Dlomo alikuwa ameshastaafu, nyonga imemkataa. Msimamizi wa usalama alikuwa mgeni, mtu mpole, anayecheka na kila mtu.

Kunyongwa kwenye filamu ni kazi ya mikanda. Ndani ya shati mtu amevaa mikanda imara inayopita mapajani na kifuani, nyuma ya shingo inatoka kamba ndogo inayobeba uzito wote. Kitanzi mnachokiona ni pambo, kimelegea. Mlango wa sakafuni ukifunguka, mtu anashuka kidogo, anabembea, anaigiza. Ikiwa kila kifungo kiko mahali pake ni salama kama kukaa kwenye kiti.

Yule msimamizi akamwuliza Safari, "Utashika nini?"

Kwenye hadithi mtu wa kunyongwa anavua kofia kabla ya kufa, mikono yake imefungwa mbele. Safari akajibu, "Nitashika kofia. Mambo yakiwa mabaya, naiangusha."

"Sharp," yule akasema, akaandika.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilisikia. Tumbo langu likajikunja vile linavyojikunja kila siku, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Nilitakiwa kusema: kitu chochote, lakini si kofia. Huyu nimemfundisha miaka sita asiiangushe. Mpeni jiwe, mpeni ufunguo. Lakini tumbo langu linajikunja hata gesi ikiwa imefungwa. Mtu anayeogopa kila kitu hatimaye haamini uoga wake mwenyewe. Nikajiambia, wewe nawe umezidi, waache watu wafanye kazi. Nikaenda kuvaa nyota yangu ya sherifu.

Tulipiga picha mara ya kwanza, ikawa nzuri, lakini farasi mmoja alipiga chafya. Mara ya pili wingu likapita. Dairekta akatazama saa, akatazama jua, akasema hii ya tatu ndiyo ya mwisho, tukikosa tutarudi juma lijalo na watu wengine. Alisema "na watu wengine" bila ubaya wowote, kama mtu anayesema atanunua mkate duka jingine. Nilimwona Safari akilisikia neno lile. Mimi pia nililisikia. Nilikagua mikanda yake mara mbili, sikupata nafasi ya tatu.

Mlango ukafunguka. Safari akashuka.

Kifungo cha kifuani kilikuwa kimelegea katika zile mara mbili za kwanza. Mwili ukateleza ndani ya mikanda kwa kiasi cha kiganja, na kitanzi ambacho kilikuwa pambo kikawa kitanzi. Haya tuliyajua baadaye. Pale jukwaani mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na nilichokiona ni kofia. Haikuanguka. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, na ukingo wake alikuwa ameukunja, ameukunja kabisa, ukavunjika. Safari hakuwahi kukunja kofia ya watu. Kofia za seti alizibeba kama mayai. Nikainua macho, nikamwona ananitazama mimi, mimi peke yangu, kama mtu anayeomba msaada.

Nilijua. Hili ndilo nililokuja kuliandika. Sikudhani, sikuwa na shaka, nilijua.

Lakini sherifu alikuwa na maneno yake mahali pale, maneno bora kuliko yote niliyowahi kupewa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi juma zima mbele ya kioo cha bafuni. Kamera ilikuwa usoni kwangu. Watu sitini walikuwa wananitazama. Nikageuka kwa wanakijiji, nikasema: "Sheria imemaliza kazi yake." Kisha nikanyamaza kidogo, kama nilivyoelekezwa, nikawatazama mmoja mmoja. Mnasikia? Nilinyamaza kama nilivyoelekezwa. Kisha nikamalizia: "Rudini nyumbani mkale."

Ndipo nikakimbia.

Nilimkumbatia miguu nikamwinua, nikapiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa lugha zote isipokuwa ile waliyoielewa. Nilipiga kelele, "Miguu! Miguu kwanza!" Msimamizi akapanda, kamba ikakatwa. Safari alikuwa amezimia, ulimi nje. Nao wakamtoa kofia mkononi kidole kimoja kimoja, maana hata akiwa amezimia hakuiachia.

Alikaa hospitalini siku kumi na moja. Mara ya kwanza nilipofika na Mama Neema, nilitembea nyuma yake kwenye korido lile refu kama mtu anayepelekwa kuhukumiwa. Madaktari walituambia ataishi, ila kwenye koo iko kitu kimepondeka ambacho hakitarudi vile kilivyokuwa. Mama Neema alinigeukia. Nilingoja kofi. Badala yake alinikumbatia mbele ya wauguzi, akalia kwenye kifua changu, akasema, "Aksanti. Umeniambia utamurudisha na umemurudisha." Nilisimama pale na mikono yangu sijui niiweke wapi.

Sauti haikurudi. Mnaijua sauti ya Safari ya sasa, kama mtu anayeburuta kiti kwenye saruji. Alitoka kwenye kwaya bila kusema lolote, Jumapili moja tu akaenda kukaa nyuma na watu wengine. Aliporudi kwenye kazi, mimi sikumpeleka tena juu ya kitu chochote kirefu kuliko ngazi tatu.

Filamu ilipotoka, dairekta alikuwa ameitumia picha ile ile ya tatu. Aliikata mahali pazuri sana. Mnaona uso wangu, mnasikia maneno, halafu picha inakwenda kwenye barabara tupu. Wote walisema haijawahi kutokea nikaigiza vile, uso ule, sauti ile inayotetemeka kidogo mwishoni. Tangu hapo siwezi kupita hapa chini mama muuza mandazi asiniite, "Sherifu! Rudini nyumbani mkale!" Watu wanacheka, na mimi nacheka, napanda ngazi zote bila kupumzika.

Sasa la kazi, na hili mlishike. Kitu cha ishara kisiwe kamwe kitu ambacho mtu amefundishwa kukitunza. Ndiyo maana kwenye kundi letu tunatumia limau, na mmekuwa mkinidhihaki kwa malimau yangu mfukoni. Na anayesimama karibu naye asingoje limau lianguke. Ukiona, piga kelele. Haribu picha. Hata kama umeandikiwa maneno matamu kiasi gani, si hoja. Mimi ningewaambia haya miaka tisa iliyopita, lakini mngeniuliza nimeyajuaje.

Mwezi uliopita mlinifanyia ile sherehe ya kuniaga kwenye ukumbi wa kanisa. Mlipamba, mlipika, akina mama walicheza. Halafu Safari akaomba kusema. Akasimama na ile sauti yake, akawaambia wote: "Mimi niko hai sababu huyu muzee aliniona mbele ya watu wote." Mkapiga makofi. Mama Neema alipiga vigelegele. Mimi nikasukuma sahani yangu ya kuku pembeni. Ndipo nikajua kwamba daftari hili nitaliandika, na ndani yake nitaandika hivi nilivyoandika.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia. Haya yanayofuata nimeyaongeza baada ya Jumapili.

Safari alikuja tukitoka kanisani. Nilimpa daftari mezani sebuleni, nikakaa upande wa pili. Mama Neema alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, kinu sakafuni, jambo ambalo mtu wa ghorofa ya saba analilalamikia kila Jumapili. Safari husoma polepole, midomo inatembea. Nilimtazama midomo. Nilijua kila alipofika. Alipofika kwenye jukwaa la kunyongea nilitaka kwenda chooni na sikwenda.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akafungua nyuma kurasa mbili, akaweka kidole.

"Shemeji. Hapa umeandika nilikuwa nakutazama kama mutu anayeomba musaada."

"Ndiyo."

"Haikuwa vile."

"Ilikuwa namna gani?"

Akasafisha koo, kitu ambacho hakimsaidii lakini hajaacha. "Nilikuwa nangoja ruhusa. Niliona umeshaona. Nikasema, shemeji ameona na hasemi kitu, basi inabakia kidogo tu, nivumilie. Nikakamata kofia na nguvu."

Miaka tisa nilikuwa naogopa kwamba siku moja atajua, na kumbe alijua kabla sijaanza kuogopa.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu pale pale. Nilikusikia ukisema yale maneno. Yote. Nilisikia na ile kimya ya katikati."

"Na miaka yote hii unanisifu mbele za watu? Safari, mwezi uliopita umesimama ukumbini! Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo rahisi namna ile.

"Ningesema nini, Baba Neema? Dada yangu alikuwa anasikiliza."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kinu kimenyamaza. Sijui kilikuwa kimenyamaza tangu lini. Mama Neema alikuwa mlangoni kwa jikoni, majani ya sombe yamemganda mikononi mpaka kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ningejua la kufanya. Alivuta kiti, akakaa kati yetu, akaweka mikono ile michafu kwenye kitambaa chake cheupe cha meza ambacho haturuhusiwi hata kuwekea kikombe.

"Nisomee," akaniambia.

"Mama Neema, ngoja kwanza nikueleze..."

"Sitaki maelezo. Nisomee. Toka mwanzo, na usiruke kitu."

Nikasoma. Nilisoma habari za Umbilo Road, na matope, na mto alionipigia, na hakucheka. Nilisoma pale mlangoni aliponishika shati. Nilipofika jukwaani, kwenye maneno ya sherifu, sauti ilikatika na haikutaka kurudi. Nilijaribu mara mbili. Safari akanichukulia daftari mkononi, polepole, akatafuta mstari, akamsomea dada yake maneno yangu kwa ile sauti yake.